Amana ya Taifa

Jirani yangu wa Madale, aliyerejea kutoka Marekani akiwa na shauku ya kufuga kisichofugwa na wenzake, alinieleza kwa bashasha kwamba jimbo la California limewaharimishia raia wake kufuga fereti, yule mnyama mwembamba kama soksi iliyojazwa pamba, ilhali majimbo yaliyo mengi yameridhia; na kwa kuwa kicheche wetu ni wa ukoo ule ule (ingawa mtaani jina lake tumeligeuza tusi la wanawake), akaona hapana haja ya kuagiza kitu ng'ambo. Kumbe alikwisha kumnasa, na tenga alimomtia lilikuwa likinuka kiasi ambacho adabu hainiruhusu kukieleza.

Nikamkumbusha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, iliyotamka kuwa wanyamapori wote ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kwa amana, kwa niaba ya wananchi, na kwamba kumweka mmoja wao nyumbani bila kibali ni jinai.

"Sheikh wangu, yaani huyu aliyemla jogoo wangu juzi ni amana ya Taifa?"

Naam, nikamjibu, na jogoo alikuwa mali yako binafsi, kwa hiyo hasara nayo ni yako binafsi. Kifuta jasho nimesikia kikitolewa kwa madhara ya tembo na simba, kwa jogoo sijapata kusikia.

Usiku ule ule alimfungulia. Wenye kuku wa Madale, tafadhalini, komeeni mabanda kabla ya magharibi.