Mama Mkwe, Mboga na Kioo cha Mbele

Khanga iliyofuta kioo cha gari langu leo alfajiri, mbele ya daladala za Mafiga, ilikuwa ya mama mkwe. Aliivua begani, akainamia dashibodi, akafuta upande wangu kwanza, kisha wake, huku konda mmoja akigonga bodi: "Suka, unachemsha maharage humo ndani?" Daladala nzima ikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anawahi treni ya umeme Kihonda, na ile haisubiri mkwe wa mtu.

Julai hapa si ya kuchezea. Barafu hatupati, hiyo ni ya wenzetu wa Makete na Njombe, lakini milima ya Uluguru imepanda zaidi ya mita 2,600 na sisi tumelala miguuni pake. Alfajiri minara ya kilele cha Bondwa haionekani, na kioo cha gari kimepoa kweli. Ndani tulijaa watu, na ndoo ya mboga za Mgeta zikiwa bado na umande. Madirisha yalifungwa kwa amri: "Baba, usiniwashie huo upepo, kifua changu." Nani abishane na mama mkwe?

Na kitufe alichonikataza ndicho kilichokuwa dawa. Kiyoyozi tunakijua kwa baridi na kwa kunywa mafuta, lakini kazi yake tamu kuliko zote ni kukausha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kioo baridi mzigo unaishinda, inautua palepale kwa matone madogo mno, na matone hayo ndiyo ukungu wenyewe. Sasa nyuma ya dashibodi kuna mabomba yanayopozwa. Hewa ikipita hapo inaacha maji yake, yanachuruzika kwa kimpira hadi chini ya gari (ndiyo yale ambayo jirani hukimbilia kukuambia, "Gari yako inavuja!"). Ukiipitisha hewa hiyo iliyokauka kwenye hita, ukaielekeza kioo cha mbele, inafika na kiu, inayafyonza matone yote. Yaani unawasha baridi na moto kwa pamoja, na haviharibiani! Ila kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake lazima kizimwe. Kikiwaka, hewa ya nje haiingii. Mnabaki kuvuta pumzi zenu wenyewe, za mama mkwe na za mboga. Khanga inasambaza matone tu, na kuacha michirizi ya mafuta ya kujipaka.

Yote haya yameelezwa kwenye kitabu cha gari, kwa Kijapani. Humo kwenye dashibodi yumo pia dada wa Kijapani ambaye kila nikiwasha gari hutangaza habari za kadi ya kulipia barabara za kwao. "Huyo mwanamke ni nani?" Mama aliuliza leo. Jibu langu halikumridhisha, na baba mkwe atakuwa ameshapigiwa simu.

Gari limelipiwa ushuru, usajili na bima, na katika madirisha yote hayo ya kulipia hakuna aliyenipa hata karatasi moja ya Kiswahili yenye maana ya vile vitufe. Chuo cha udereva kilinikaririsha alama za barabarani hadi nikaziota. Kioo chenye ukungu hakikutajwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanaovuka barabara hii ni watoto wa darasa la kwanza, boneti inawazidi kimo, na sisi tunakuja tukichungulia kwenye kitundu kilichofutwa kwa kiganja. Mtoto anakuona, anadhani nawe unamwona. Trafiki atakusimamisha kwa stika iliyoisha muda. Kwa kioo cheupe pe, mimi sijasimamishwa hata siku moja, na hapo sicheki.

Treni tuliiwahi. Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa nje ya kioo. Waipa ikapita, ukaisha.

Jirani yangu yeye alikimwagia chake maji ya moto kutoka chupa ya chai. Kioo kingine kinakuja na basi kutoka Dar.