Spiriti na Sauti ya Siti

Mkusanyaji wa santuri wa siku hizi huchukua muda mrefu kuosha santuri kuliko kuoga. Ana brashi ya nyuzi za kaboni, kitambaa laini, na maji yaliyochujwa zaidi kuliko yale anayompa mgeni.

Balaa huanza apatapo zile kongwe za mizunguko 78 kwa dakika, aina aliyorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Bwana msafi huzipangusa kwa spiriti, kama azoeavyo zile za plastiki. Loo! Kongwe hizo zimefinyangwa kwa gundi itokanayo na wadudu, na spiriti huiyeyusha. Vumbi linatoka, na taarabu nayo inatoka.

Maji baridi na tone la sabuni ya vyombo yangetosha, mradi karatasi ya katikati isilowe.