Kutoka Sita Hadi Moja: Vitabu vya Wanaorudi Nyumbani

Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa muda usiofika saa nne. Morogoro inapita hujamaliza karanga zako. Siri ya ukoo haijawahi kupanda treni hiyo. Iko kijijini palepale ulipoiacha, imekaa kwenye kigoda, inakusubiri. Kwa hiyo wewe unayekwenda Ugogo kwa msiba, kwa mahari au kugawana shamba, beba kitabu. Nimekupangia sita, tunahesabu kurudi nyuma.

6. Nyota ya Rehema, Mohamed Suleiman Mohamed (1976)

Binti anapata shamba kwa baba yake. Baba anafariki, na warithi wanalitaka. Ndugu zangu wa Dodoma, mnajua viwanja vilivyopanda bei tangu serikali ihamie: kama mzee bado yu hai, mpelekeeni karatasi na kalamu leo. Mapenzi mtaendelea nayo kesho.

5. Kichwamaji, Euphrase Kezilahabi (1974)

Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, lakini tunamkuta amekalishwa akisubiri kuonana na mkuu wa wilaya, na mkuu mwenyewe ni Manase, mtu aliyesoma naye. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi akimsubiri mwenzake wa kucheza gololi anaijua hasira hiyo. Nyumbani kuna zito zaidi: Manase huyohuyo ndiye aliyemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kezilahabi hambembelezi mtu. Kisome mchana, behewa likiwa limejaa watu.

4. Mirathi ya Hatari, C. G. Mung'ong'o (1977)

Hiki kinatoka nyanda za juu kusini. Kijana Gusto anaitwa nyumbani, baba yu mahututi, na urithi anaokabidhiwa ni uchawi. Kwetu kijana akipigiwa simu kwamba mzee anamhitaji, akifika Kibaigwa tayari ameshagawa ng'ombe kichwani, madume huku, mitamba kule. Asome hiki kwanza. Kisha apige simu aulize vizuri: mzee ananihitaji kwa lipi?

3. Gravel Heart, Abdulrazak Gurnah (2017)

Hapa naomba tukae kidogo. Salim ni mtoto Zanzibar. Baba yake amehama nyumbani, anaishi chumba cha nyuma ya duka, na mama anampelekea chakula kila siku kwenye kikapu. Salim akikua kidogo, kazi ya kikapu inakuwa yake. Hakuna anayemwambia kwa nini baba haishi nao, wala kwa nini mama asiyeishi naye anampikia. Chakula kinakwenda, vyombo vinarudi vitupu, na hakuna neno linalosafiri navyo. Kijana anamaliza miaka Uingereza, mama anafariki, anarudi, na ndipo baba anapofungua mdomo. Nimesoma vitabu vinavyopiga kelele kuhusu siri za familia, lakini kikapu kile kimenikaa kuliko vyote. Kwa wafasiri nina ombi moja: Ida Hadjivayanis ametupa Peponi ya Gurnah huyuhuyu kwa Kiswahili mwaka 2022, basi hiki nacho kisicheleweshwe, mama zetu wakisome.

2. Maisha ni Kugharimia, Mathias Mnyampala

Hii si riwaya, ni maisha yake mwenyewe. Nimeiingiza kwa upendeleo, na upendeleo huu nausimamia hadharani! Wengi wanamjua Mnyampala kwa ngonjera. Ni Mgogo wetu, aliyetuandikia pia historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Alifariki 1969, na kitabu hiki kikachapishwa 2013. Mswada uliosubiri zaidi ya miaka arobaini unafahamu subira kuliko abiria yeyote. Utazame mwaka aliozaliwa: 1917.

1. Riwaya ya Mtunya

Usiitafute dukani, mimi sijaipata. Mtunya ni njaa iliyoanza Ugogo mwaka huohuo wa 1917 na kudumu hadi 1920. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mvua ikakataa, halafu mafua ya 1918 yakamalizia. Wanahistoria wanakadiria watu 30,000 walikufa. Wengine walihama kufuata chakula, na wapo wazazi waliowaweka watoto rehani kwa wenye nafaka.

Nilikuwa mdogo, bibi akichambua mlenda kwenye ungo mbele ya tembe. Nikamuuliza kwa nini yule mama mkongwe wa nyumba ya tatu tunamwita wa kwetu, na jina la ukoo wake si letu. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Aliletwa."

"Na nani, bibi?"

"Na njaa."

Akaendelea kuchambua, jani bichi huku, kijiti kule. Sikuuliza tena, na bibi hayupo. Mahali fulani kulikuwa na mama aliyerudi kwake na debe la uwele bila mtoto aliyetoka naye. Alisema nini alipofika mlangoni? Yule mtoto alipokuwa mtu mzima, alimtafuta? Alijua hata upande wa kuelekea?

Wewe kijana wa UDOM uliyekaa dirishani unaandika kwenye simu tangu Pugu, kitabu hiki tunakudai wewe. Ukishuka, usiishie mjini. Panda gari la kijijini, ufike, usalimie kwa mbukwa, uvute kigoda karibu na ungo. Chambua mlenda nao mpaka jua lishuke, kisha uliza ni nani aliyeletwa.