Mvulie Joho, Mpe Sweta: Mwongozo kwa Mchoraji Chipukizi wa Magamba

Ndugu mchoraji, hatua ya kwanza ni kushika raba na kufuta joho. Ukimaliza, futa upanga, futa na zile nywele zilizochongoka. Huyo shujaa tunamfahamu sote, tumeshamwona kwenye katuni za Japani na filamu za Marekani, na wenyewe wanamchora vizuri kuliko wewe. Isitoshe, umemtuma Magamba, huku milimani Usambara, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, naye kavaa nguo ya kubana isiyo na mikono. Nimonia itamwahi kabla ya adui. Mpe sweta la mtumba na mabuti ya mvua, kisha tuanze kazi.

Kunakili si dhambi. Nakili wakubwa ili mkono uzoee, jaza daftari zima ukitaka. Ila mhusika unayesema ni wako lazima atoke mahali unapopajua, na Usambara ilikuwa na mhusika mkubwa kabla ya penseli kufika. Mbegha, mwindaji anayetajwa kuwa mwanzo wa ufalme wa Wakilindi, tunasimuliwa hivi: alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi. Akakataliwa kwao Nguu, akatembea na mbwa wake wa kuwindia, akafika kwa Washambaa akiwagawia nyama, akaua simba, mwisho akatawala Vugha. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Hebu tazama tulichopewa: meno, mbwa, nyama. Vitu vitatu tu, na vyote vinachoreka! Tena kila kimoja kina kazi. Meno yanamfukuza nyumbani, mbwa wanamlisha njiani, nyama inamfungulia milango ya watu. Hakuna pambo hata moja lililowekwa ili apendeze. Ukinionyesha mhusika mwenye mikanda saba kiunoni, nitakuuliza kila mkanda unafanya nini, na nitasubiri jibu.

Sasa tuumbe wetu. Chukua konda wa basi la Mombo kwenda Lushoto. Mpe kazi hiyo, halafu mpe hofu isiyolingana nayo: anaogopa kona. Umeipanda ile barabara, unajua inavyojikunja kutoka Mombo, ikapita Soni, huku korongo likiwa upande mmoja. Ukishakuwa na hofu hiyo, mwili wake unajichora. Mkono wa kulia umeng'ang'ania bomba la mlangoni, kwa hiyo bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto, na limebaki hivyo hata akiwa ameketi kwa mama ntilie. Mkono wa kushoto una noti zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole. Koti lake limechakaa kwapa moja tu. Macho? Kwenye kona anayafumba, lakini mdomo unaendelea kudai nauli. Abiria hawajagundua, na hapo umepata hadithi ya ukurasa wa kwanza. Angalia kwamba hatujagusa sura yake bado. Chipukizi wengi huanza na macho, wakayapamba siku nzima, kisha wakakosa pa kuyaweka.

Mabega yanapatikana sokoni Lushoto. Nenda siku ya soko, kaa pembeni, chora migongo. Mama aliyebeba tenga la karoti kichwani ana shingo tofauti na kijana anayesukuma toroli la viazi, na mzee anayechagua mapeasi huinama kwa kiuno, si kwa shingo. Chora haraka, kabla hawajapita. Ukitaka kuchora uso wa mtu, mwombe kwanza. Wengi watakubali, na wengine watakukosoa palepale bila malipo.

Kama moyo wako uko kwa wanyama, msitu wa hifadhi ya Magamba uko juu yako hapo, acha kutafuta joka la kubuni. Mbega hana kidole gumba cha kuhesabika. Hushika tawi kwa vidole vinne vilivyopinda, na mchoraji asiyelijua hilo humpa mkono wa binadamu na kumharibu. Yuko pia kinyonga wa Usambara, ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Kila jicho linazunguka kivyake, na vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili yanayobana kijiti. Mimi ningemfanya mjumbe wa nyumba kumi, msuluhishi anayewatazama wagomvi wawili kwa wakati mmoja bila kugeuza kichwa.

Ukishampata mhusika wako, mjaze wino mweusi mwili mzima, uache umbo tupu. Bado unamtambua? Kama anaweza kuwa mtu yeyote, rudi kwenye bega. Halafu mchore kwa nyuma, akichuchumaa, akila ugali, akilala. Hapa ndipo wengi hukimbia, na ndipo ufundi ulipo. Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na Edward Gitau wa Kenya akamchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Msomaji alipofungua gazeti alimkuta mtu yuleyule, katika kisa kipya, bila kujiuliza huyu nani. Picha moja nzuri haikupi hilo. Linakuja kwa kumrudia mpaka mkono ujue pua yake inaishia wapi.

Mpe na anwani. Akili, yule mtoto wa katuni za Ubongo za Dar es Salaam, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na watoto wanajua hivyo. Konda wetu naye analala wapi basi likifika usiku? Nani anamsubiri? Ana deni dukani?

Jina liache mwisho. Kabla hujaliandika, mpe mtoto wa jirani mchoro na umwulize swali moja tu: huyu anakwenda wapi? Akijibu mara moja, hata jibu likiwa si lako, andika jina uendelee. Akisema amesimama tu, mshukuru, chonga penseli, kesho alfajiri uwe stendi.