Waya wa Dirishani

Quitunda kuna kunguru mmoja aliyewahi kusikiliza bongo fleva kwa sikio la kulia. Chombo kilikuwa cha mpwa wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pemba, Pemba yetu ya Msumbiji, si ile ya karafuu. Alikuja na iafoni zake zisizo na waya, nyeupe, zinang'aa, akaziacha ukingoni mwa baraza ili anawe mikono tule. Kunguru naye alikuwa amekuja kwa ajili ya samaki. Alipotazama huku na huku akaona kipande cheupe hakina mlinzi, akakidaka na kupaa.

Iafoni za namna ile huzungumza na simu kwa Bluetooth, na kwa kawaida sauti yake haivuki sana mita 10. Sisi tulijifunza hayo kwa miguu. Kunguru alipotua juu ya bati la jirani, simu iliandika kwamba imeunganishwa. Aliporuka nyumba mbili mbele, ikakatika. Mpwa akashika simu mkononi, akaanza kupita nyua za watu, "Hodi, samahani mama, namfuata kunguru," na nyuma yake watoto wa mtaa wakipokezana kupiga kelele: "Imeshika! Imekatika! Imeshika!"

Asiyeijua Quitunda aambiwe kwamba kijiji chetu kilijengwa kwa ajili ya kutuhamisha kutoka rasi ya Afungi, kupisha mradi wa gesi, na watu walianza kuhamia mwaka 2019. Nyumba ni za matofali ya saruji, zimepangwa kwa mistari, na zinafanana. Kwa hiyo mtoto akisema "yuko pale juu ya nyumba ya bati", hajakuambia kitu. Msako ukaisha magharibi, kunguru akiwa na sikio la kulia na mpwa la kushoto. Jina la Bluetooth lilitokana na lakabu ya Harald, mfalme wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wa Denmark na wa Norway. Kijana na kunguru hakuwahi kuwajaribu.

Mama yangu hakusikitika hata kidogo. "Heri," alisema, "sasa utasikia ukiitwa." Ana sheria yake, na ukimkuta kijana wa nyumba hii kaziba masikio yote mawili, jua ni mgeni. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, mitandao ya simu ikanyamaza, na watu wakaja kwetu kwa maelfu na mafurushi kichwani. Tangu hapo sikio moja hubaki wazi. Hatujadili.

Lakini sikio moja nalo lina mambo yake. Askari wa Rwanda walifika mkoani kwetu Julai ya mwaka ule kuwakabili wavamizi hao, na wengi wao hutusalimia kwa Kiswahili. Asubuhi ya pili baada ya kisa cha kunguru mpwa alipita karibu na kituo chao, sikio la kushoto likiwa kazini: mchumba alikuwa hewani, na mambo hayakuwa mazuri. Askari akamwambia kwa upole, "Habari za asubuhi, kijana?" Mpwa akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mimi sikuamini tena! Jana ulisema hivyo hivyo!" Ikabidi nikimbie mbele nikionesha sikio langu kwa kidole. Askari alicheka mpaka akashika ukuta. Angekuwa na waya, yule bwana angeuona ukining'inia, na salamu ingengoja zamu yake.

Msidhani naupaka waya mafuta. Waya una visa vyake, na huwa havimalizi siku bila kutokea. Hupenda vitasa vya milango: wewe unatoka, masikio yanabaki ndani. Hupenda usukani wa baiskeli. Shemeji yangu aliinuka mkekani kuitika hodi, waya ukanasa gotini, simu ikatumbukia katika mchuzi wa kamba. Ilipotolewa bado ilikuwa inaimba, tena vizuri, ila tangu siku ile ukiiweka sikioni unapata njaa.

Kuhusu mafundo, wapo wataalamu wawili wa Kalifornia, Dorian Raymer na Douglas Smith, waliotia kamba ndani ya sanduku linalozungushwa, wakarudia mara 3,415. Mwaka 2007 wakachapisha walichokiona: kamba ndefu ikitikiswa hujifunga yenyewe, ndani ya sekunde chache, ila ile isiyofika nusu mita huponyoka. Mwaka uliofuata walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Huku kwetu wapo wavuvi waliohamishwa kutoka Milamba ambao wangewapunguzia kazi. Mzee wao mmoja, jirani yangu, nilimpelekea iafoni iliyokuwa fundo tupu. Akaishika bila kuitazama, huku akilalamikia bei ya pweza na umbali wa bahari siku hizi, akanirudishia imenyooka. Akauliza kama ninayo nyingine.

Iafoni ikikatika, utaipeleka Palma kwa fundi. Nyuzi za ndani zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, kwa hiyo fundi asiyejua huzifunga pamoja na hakuna kinachosikika. Anayejua huzichoma ncha kwanza kwa kiberiti cha gesi. Hata huyo anayejua atakurudishia kitu kinachosikika kwa pembe moja tu. Ukikutana na kijana njiani kainamisha shingo, mkono mmoja umebana mfuko, anatembea kiupandeupande, usimpe pole ya kiuno. Amepata sauti, na anaogopa kuipoteza.

Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 isiyo na tundu la iafoni, na mkubwa wao mmoja alipoeleza sababu jukwaani alitaja ujasiri. Tundu lile ni mjukuu wa matundu ya vibao vya simu vya karne ya 19, ambako karani alichomeka na kuchomoa kuwaunganisha watu. Limeishi kupita simu zote tulizozipenda. Mpwa wangu, ambaye simu yake haina tundu, aliniuliza kwa huruma kama kweli huku bado tunatumia iafoni za waya. Sikumjibu. Nikampeleka kwa yule mzee wa Milamba.

Simu ya mzee ni ya vitufe, inakaa dirishani. Iafoni yake haina masikio kabisa: la kushoto alilitafuna mbuzi, la kulia lilikwenda na maji. Umebaki waya na ncha yake, umetundikwa kwenye msumari juu ya dirisha. Kazi yake ni kushika mawimbi. Simu nyingi za namna hii hazina antena ya redio. Zinautumia waya wa iafoni, na bila kuuona hukataa kuwasha redio. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, na robo yake, kama sentimita 75, inatosha kuyanasa. Waya wa iafoni, hata uliotafunwa, unabaki na urefu huo. Mzee hufungua spika, na siku ambazo hewa imekubali tunazipata sauti za ng'ambo ya Ruvuma, kutoka Mtwara, bila kula bando la mtu.

Siku Simba na Yanga wanapokutana, baraza la mzee hujaa. Mechi moja sauti ilififia kila mara, mpaka ikagundulika kwamba mtu akiushika waya na kuinua mkono, mtangazaji anarudi. Mwili wa binadamu nao ni antena, haulipwi posho. Akachaguliwa shemeji yangu wa mchuzi wa kamba, kwa sababu ya urefu. Kosa letu hatukumuuliza timu. Alisimama pale mkono juu kipindi kizima cha pili bila kunung'unika, na mtangazaji akawa anapanda sauti, mshambuliaji wa Simba yuko peke yake na kipa, anapiga... Shemeji akauachia waya. Baraza zima likapiga kelele, yeye akisema mkono umekufa ganzi. Yanga, nadhani, ndiyo timu pekee iliyookolewa kutoka dirisha la Quitunda, na wapo wazee ambao hadi leo hawajamrudishia salamu.

Mpwa alisikiliza haya yote, akautazama ule waya msumarini, akaingiwa na huruma ya kijana mwenye mshahara wa kwanza.

"Babu, usijali. Nikirudi Pemba nitakuletea iafoni mpya, za kisasa kabisa."

Mzee akafurahi. "Ahsante, mjukuu wangu. Waya wake una urefu gani?"

"Hazina waya, babu."

Mzee akamwangalia, akalitazama lile sikio moja jeupe lililosalia, kisha akanigeukia mimi.

"Huko Pemba dirishani wanatundika nini?"