Butu

Kisu cha jikoni kwetu hakikati nyanya. Kinaibonyeza, kinaisihi, mwisho nyanya inachoka na kupasuka yenyewe, na kachumbari inageuka supu. Mke wangu anakiita butu. Bibi yangu angekiita dugi, neno ambalo vijana wa leo ukiwatajia watadhani ni jina la mbwa.

Butu nalo halikutulia jikoni. Magazeti ya michezo yamelichukua: timu ikimaliza mechi bila bao, kesho yake tunasoma kwamba safu ya ushambuliaji ilikuwa butu. Akili nayo huwa butu, na kalamu pia, ingawa hilo wahariri hulisema nikiwa sipo.

Kilichopinda ni kunoa. Kocha huinoa timu, sawa. Lakini mwanafunzi akikosa jibu, wenzake humzomea: "Umenoa!" Kwa hiyo kocha anaweza kunoa Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi akanoa, na Kiswahili kikawa fasaha kabisa.

Siku tunayowasubiri wakwe, akapita fundi wa kunoa visu. Akasimamisha baiskeli kwa stendi, akakaa juu yake na kukanyaga pedali bila kwenda popote, mkanda ukizungusha jiwe la kunolea. Jiwe hilo wazee huliita cherehe, ndugu yake cherehani. Asili yao ni neno la Kiajemi la gurudumu. Huku cheche zikiruka, akanieleza kwamba kisu hakipotezi makali kwa uzee. Ukingo wake ni mwembamba mno, na kila unapogonga kitu kigumu hujikunja.

"Vitunguu mnakatia wapi?"

"Kwenye sahani."

Akanitazama kama daktari aliyeambiwa mgonjwa anavuta sigara. Ubao, akasema, ubao wa mti, bwana.

Kisu kikarudi kikali, na hapo balaa likaanza. Nyumba nzima tulishazoea kukandamiza. Mke wangu akakikandamiza kitunguu kama siku zote. Kisu kikamaliza kitunguu kikaendelea na safari. Shemeji akaingia kusaidia, akatoka ameinua kidole juu. Mimi nilijeruhiwa nikikiosha. Wakwe walipobisha hodi, tuliwapokea kwa mikono iliyofungwa vitambaa, hata kushikana mikono kukawa kwa tahadhari.

Mama mkwe akaitazama kachumbari, iliyokuwa nyekundu kuliko nyanya zilivyostahili.

"Baba, hiki kisu nani kanoa?"

"Fundi, mama."

"Basi kweli kanoa."

Kachumbari hakuigusa mtu. Fundi bado anapita mitaani na baiskeli yake, na kazi anaijua. Ukikutana naye, tafadhali mwelekeze uwanjani. Kuna washambuliaji wanamsubiri.