Koti Lililojua Njia

Sisi wa Uru mlima tunauona kila siku: tukienda kukata majani ya ng'ombe upo, tukianika kahawa upo. Kuupanda ni kazi ya wageni na wagumu wanaowabebea mizigo. Aliyeniingiza kwenye mkumbo huo ni binamu yangu wa Dar, ambaye hakosi jambo kila akija kula Krismasi nyumbani. Safari hii alikuja na buti mpya, fimbo za kukunja, na begi la kulalia alilosema linahimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Shangazi aliuliza bei ya buti, akatajiwa, akashusha pumzi.

"Mwanangu, si bora ungenunua mtamba? Huyo angalau anazaa."

Mimi nilishuka zangu Memorial, kwenye mitumba ya Moshi mjini. Nikapata buti zilizokwishatembea, na koti la bluu la mvua ambalo muuzaji aliapa ananiachia kwa hasara.

Geti la Machame mizigo hupimwa, kwani mgumu haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Mzani ukaukataa mzigo wa binamu mpaka kiti chake cha kukunja kikatolewa. Msituni mvua ikatupokea. Kufika Shira, buti zake mpya zilikuwa zimemtoa malengelenge, akawa anachechemea na yeboyebo huku buti zenye thamani ya mtamba zikining'inia mgongoni. Kabla sijamaliza kumcheka, soli yangu ya kulia ikafungua mdomo. Gundi ya kiatu huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini. Mgumu mmoja akatoa kipande cha mpira wa baiskeli, akauvuta mpaka ukalia, akauzungusha chini ya soli na juu ya kidole gumba, akakaza fundo kwa meno. Mpira ule ulifika Uhuru, mita 5,895, na kurudi.

Ila haki ya mtu mpe. Kambi ya Barafu binamu alikoroma ndani ya begi lake, mimi nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo na bado meno yanagongana. Penye usingizi na nyayo, toa hela. Mengine yote yapo Memorial.

Tuliposhuka geti la Mweka, yule mgumu alilikamata koti langu, akageuza mfuko wa ndani, akanionyesha tundu dogo la kuungua.

"Mangi, hili tundu langu. Jiko liliniunguzia. Koti nilipewa na mgeni, bakshishi, nikaenda kuliuza Memorial. Wewe wamekupiga bei gani?"

Nilipomtajia, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe la ghali na la rahisi ni koti moja, zamu tu ndizo tofauti. Akanishauri mwakani nije nisimame hapo getini, nimnunulie yeye mwenyewe, tuwaruke watu wa kati.

Binamu hakucheka. Alikuwa amelipakata begi lake la kulalia, kwa sababu mgumu alishaanza kuuliza kama zipu yake ni nzima.